Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: wazazi, marefa na mechi za watoto (Mbeya na majirani)

Haya maswali sijayatunga kitandani. Ni yale yale naulizwaga kila Jumamosi pale pembeni ya uwanja, jioni yake kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, alafu Jumapili mtu ananikamata Mwanjelwa sokoni anaanza upya nikiwa nimeshika nyanya. Mimi ni mzazi wa watoto 2 wanaocheza mpira hapa Mbeya, nilishika kipenga kwenye mechi za watoto misimu kadhaa mpaka goti likagoma, sasa hivi nasaidia kupanga ratiba. Mwenye haraka aruke mpaka kwenye swali lake.

## Ya mwanzo kabisa

Hivi hawa marefa wa mechi za watoto ni akina nani?

Sio wale unaowaona Sokoine siku Prisons au Mbeya City wanacheza, hilo litoe kichwani kwanza. Mechi za watoto zinachezeshwa na kijana aliyemaliza form four juzi, au mwalimu wa michezo, au mkongwe wa mchangani ambae mtaa mzima unamuita kocha, au mzazi mwenzako aliyeombwa dakika 10 kabla ya mechi kwasababu refa aliyepangwa simu yake haipatikani. Wachache wamepita kozi ya waamuzi na wanapanda madaraja taratibu, na hao wakishapanda huku kwetu hatuwaonagi tena.

Kwahiyo pale katikati kuna mtu anajifunza, anachezesha watoto wanaojifunza, kwenye uwanja wenye mteremko. Mtoto wako akipiga pasi ikaenda kwenye mahindi ya watu unamwambia pole baba, jitahidi. Refa akikosea mpira wa kurusha, tena katikati ya uwanja huko, unamwambia mwizi. Hii hesabu sijawahi kuielewa.

Malipo yake? Mara nyingi nauli ya bodaboda na soda. Siku nyingine soda na ahadi.

Mzazi anaruhusiwa kufanya nini pembeni?

Shangilia, imba, piga vigelegele, taja jina la mwanao mpaka sauti ikauke. Wapigie makofi hata wale wengine wakifanya kitu kizuri, haupungukiwi kitu. Kaa nyuma ya kamba (kamba ina swali lake huko chini).

Usichoruhusiwa ni kuingia uwanjani bila kuitwa, hata kama mtoto kaanguka na analia, najua inauma kuliko yote ila refa anasimamisha mpira, anaita benchi, na kama hali ni mbaya utaitwa haraka. Hauruhusiwi kumtukana refa, kumtisha, kumfuata wakati wa mapumziko "kumuelewesha", wala kusimama nyuma ya goli kumuelekeza kipa. Hii ya nyuma ya goli watu wanabishaga sana. Kipa wa miaka 11 akiwa na baba yake mgongoni anacheza kwa kusikiliza badala ya kuangalia mpira, nimeona magoli mengi ya kijinga yakiingia kwa staili hiyo.

Nimelipa ada, nimenunua viatu, nimenunua jezi, inakuaje sina haki ya kuongea?

Haki unayo, ila sio kwa refa na sio muda ule. Ada umelipa kituoni kwenu, refa hajaiona hata shilingi 50 yake. Ongea na meneja wa timu au kocha, na kama ni jambo zito soma sehemu ya malalamiko.

Mpira bila kelele ni mpira gani sasa?

Hakuna aliyesema mkae kama mko msibani. Kuna sehemu wamejaribu kimya kweli, kule Ohio, Marekani, mwaka 1999 ligi moja ya wasichana ilipanga Jumapili ambayo wazazi na makocha hawaruhusiwi kupiga kelele, na Uingereza wana wikiendi za namna hiyo. Mimi binafsi kwetu naona haitakaa, mtu wa Mbeya ukimwambia aangalie mpira kimya atarudi nyumbani kulala.

Sisi tulijaribu kitu kidogo tu kwenye bonanza moja, ruksa kutaja jina la mtoto yeyote uwanjani, marufuku kutamka neno "refa". Dakika za mwanzo ilikua kichekesho, mtu anaanza "re..." anamezea, anakohoa, anajifanya anaongea na jirani. Kipindi cha pili watu walishasahau, wanaangalia watoto. Ilinishangaza hata mimi niliyeleta wazo.

## Sheria zinazoanzisha ugomvi

Sheria za soka ziko 17 na zinatungwa na IFAB, chombo ambacho kipo tangu 1886. Pembeni ya viwanja vyetu tunagombaniaga kama 3 tu, tena kwa toleo la zamani.

Alikua peke yake na kipa, refa kapeta. Ile si ofsaidi?

Huenda ndio, huenda sio. Kinachoangaliwa ni pale alipokua wakati mwenzake anaupiga mpira, sio pale alipokua wakati anaupokea. Watoto wanakimbia, wewe macho yako yalikua kwenye mpira, ukija kumuangalia mfungaji ameshawaacha mabeki hatua 5 unaona ofsaidi ya wazi kabisa kumbe alianzia nyuma yao. Hii peke yake nadhani inabeba nusu ya matusi yote niliyowahi kutukanwa.

Mengine ya kuweka kichwani: mchezaji akiwa nusu ya kwao hana ofsaidi. Mpira ukitoka moja kwa moja kwenye goli kiki, kona au wa kurusha hakuna ofsaidi. Akiwa sawa na mpinzani wa pili kutoka mwisho, kipa nae akihesabiwa, yuko salama. Mikono haihesabiwi. Alafu kusimama kwenye ofsaidi sio kosa, kosa ni kuingilia mchezo ukiwa hapo, ndio maana unaona mtoto kasimama huko mbele anafunga kamba za viatu na refa hana habari nae.

Sasa ongezea mazingira yetu. Mistari imechorwa kwa majivu, Mafinga huko kwa maranda, na kufika mapumziko nusu imefutika. Mshika kibendera hayupo, au yupo na ni mjomba wa beki namba 3. Refa anakimbia katikati, wewe umesimama juu ya jiwe pembeni kabisa. Kusema ukweli wote wawili mnakisia, tofauti ni kwamba yeye ndio kapewa filimbi. Na mechi za watoto wadogo kabisa mara nyingi hazina ofsaidi, uliza kanuni za mashindano kabla hujapasua koo.

Kaunawa ule! Mbona hajapuliza?

Sio kila mpira ukigusa mkono ni kosa. Ni kosa akifanya makusudi, au akiwa kautanua mwili kwa mkono namna ambayo sio ya kawaida kwa alichokua anakifanya, au akifunga goli kwa mkono wake hata kwa bahati mbaya. Mtoto wa miaka 10 kapigwa mpira kwa karibu, mkono uko ubavuni, anafumba macho, hapo hakuna kitu. Na bega sio mkono, mkono unahesabiwa kuanzia usawa wa chini ya kwapa.

Amechukua mpira kwanza, faulo inatoka wapi?

Inatoka pale alipomzoa na mwenzake. Kugusa mpira kwanza sio kibali, ukiingia kwa hovyo au kwa nguvu ya kuumiza ni faulo hata kama mpira uliugusa mara 3.

Mpira umemgonga refa, ukaenda kwa wapinzani, wakafunga. Goli gani hilo?

Hapa mzazi uko sahihi. Tangu mabadiliko ya 2019, mpira ukimgonga refa ukabaki uwanjani, alafu ukaingia golini moja kwa moja, au ukabadilisha timu iliyokua na mpira, au ukaanzisha shambulio la hatari, anatakiwa asimamishe na adondoshe mpira. Marefa wetu wengi walijifunza ile ya zamani kwamba refa ni kama mti. Kocha amkumbushe kwa ustaarabu kabla mpira haujaanza tena katikati, maana ukishaanza ndio basi (swali linalofuata).

Nimerekodi kwa simu na inaonekana kabisa ni goli. Nikamuonyeshe?

Hapana. Maamuzi ya refa kwenye mambo ya mchezo ni ya mwisho, ikiwemo kama ni goli au sio goli, na akishaanzisha mpira upya hawezi kurudi nyuma hata akigundua amekosea. VAR (refa wa video) ni kwa mashindano yaliyoruhusiwa kuitumia na yenye mitambo yake, simu yako yenye kioo kilichopasuka haimo.

Video itunze kama kuna mtu kapigwa au kuna fujo. Ila kuisambaza kwenye magrupu na maandishi "refa mwizi huyu hapa", huku sura za watoto wa watu zinaonekana, usifanye.

## Mambo yakichafuka

Mzazi akitukana, refa anaweza kumpa kadi?

Hawezi. Kadi ni za wachezaji, wa akiba, na tangu 2019 makocha na watu wa benchi. Tena benchi lina kanuni yake kali, mmoja akitukana na refa hajajua ni nani, kadi anaibeba kocha mkubwa aliyepo pale.

Mzazi yuko nje ya kadi ila hayuko nje ya refa. Anachofanya refa, kwa utaratibu tunaowafundisha sisi, ni kusimamisha mpira kwanza, amuite kocha wa timu yenye huyo mzazi na amwambie waziwazi, "mzee yule mwenye koti la kijani, mtulize". Ikiendelea anawarudisha watoto kwenye mabenchi yao na mpira hauendelei mpaka mtu atoke. Ikishindikana anavunja mechi, sheria inamruhusu kabisa kusitisha kwasababu ya watu wa nje kuingilia. Baada ya hapo ni kanuni za mashindano, kwetu timu iliyosababisha inapoteza pointi 3 na magoli 3. Nimeshaona watoto waliokua wanaongoza 2-0 wanaenda nyumbani wamefungwa na baba yao mmoja.

Hii kamba ya nini? Mnatufungia kama ng'ombe?

Kamba ndio kitu cha bei rahisi kilichotusaidia kuliko semina zote. Uingereza chama chao cha soka kilipoanzisha kampeni ya kuheshimu marefa mwaka 2008 moja ya vitu vilivyoenda viwanjani ni uzio wa kuwatenga wazazi na mstari, sisi tunatumia kamba ya manila na vijiti, mita 2 au 3 kutoka kwenye mstari.

Sababu ya kwanza mshika kibendera anahitaji pa kukimbilia. Ya pili, uwanja usio na kamba unapungua, watu wanasogea kidogo kidogo, ikifika dakika ya 30 winga anapiga chenga katikati ya miguu ya wazazi. Ya tatu ndio kubwa, tusi la mita 3 sio sawa na tusi la sikioni. Mtu akiwa mbali inabidi apige kelele ili asikike, na akipiga kelele kila mtu anageuka kumuangalia, hapo aibu inafanya kazi yake.

Sambamba na kamba kila timu inatoa mzazi wa zamu anaevaa kizibao na kazi yake ni kutuliza wenzake. Siri ni hii, mpe kizibao yule mwenye mdomo kuliko wote. Mnyenyekevu ukimpa hatasikilizwa na mtu, ila yule mpiga kelele ukimpa cheo utashangaa anavyowakoromea wengine, "jamani tuheshimu kazi ya refa".

Tulitenga pia kona moja ya viti vya wazee. Kuna mama mmoja wa Kinyakyusa alishukuru sana, baba mkwe wake anakujaga kuangalia mjukuu na kwa mila zao mkamwana hasogeleani na baba mkwe, kabla ya hapo alikua anaangalia mechi nzima akiwa ndani ya bajaji.

Mzazi amekuja kalewa, tunafanyaje?

Msibishane nae na refa asimguse. Watafutwe watu 2 anaowaheshimu, wamtoe kama wanamsindikiza, na mpira usiendelee mpaka afike mbali. Wenzetu wa Iringa na Njombe msimu wa ulanzi wanaijua hii vizuri. Dawa yetu ilikua kuhamisha mechi kutoka saa 10 jioni kwenda saa 2 asubuhi. Mwezi wa 6 na wa 7 baridi ya Mbeya asubuhi watoto wanatoka moshi mdomoni na wazazi wa Uyole wanalalamika, ila walevi wamepungua.

Refa kapigwa. Hatua gani zinafuata?

Mechi imeisha hapo hapo, hakuna kumalizia dakika zilizobaki. Watoto waondolewe wasiangalie. Refa apelekwe polisi kuchukua PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) kisha hospitali, na ripoti iandikwe siku ile ile ikiwa na majina ya mashahidi, kesho yake watu wanakuaga hawajaona kitu. Kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, matusi yanayoweza kuleta uvunjifu wa amani yako kifungu cha 89, shambulio la kawaida 240, na shambulio la kudhuru mwili 241, hakuna sehemu iliyoandikwa "isipokua uwanjani".

Sasa najua kitakachotokea maana ndio kinachotokeaga. Wazee watakaa, kuku atachinjwa, yataisha nyumbani. Kusameheana sina tatizo nako, ila ripoti ya mashindano iende na adhabu ya kutokanyaga uwanjani ibaki palepale, vinginevyo tumeweka bei ya kumpiga refa na bei yenyewe ni kuku.

Anaedhani nakuza mambo ajue kilichotokea Almere, Uholanzi, Desemba 2012. Mshika kibendera wa kujitolea, miaka 41, alikua anasaidia kwenye mechi ya timu ya mwanae. Baada ya mechi akashambuliwa kwa mateke na vijana wa timu pinzani na baba wa mmoja wao, kesho yake akafariki. Yule baba alihukumiwa miaka 6 jela. Wikiendi iliyofuata mechi zote za ridhaa nchi nzima zilifutwa.

## Malalamiko ya kweli

Nina uhakika refa amekatiwa kitu kidogo. Ninyamaze tu?

Usinyamaze, ila kwanza jiulize unajua nini. "Alitunyima penati 2" sio ushahidi wa rushwa, ni ushahidi wa penati 2. Ushahidi ni nani alimpa, lini, wapi, nani aliona, kuna meseji gani. Kama unavyo, timu iandike malalamiko kwa kamati ya mashindano ndani ya muda uliowekwa kwenye kanuni, nakala kwa chama cha soka cha wilaya, na hela ikiwa imetembea kweli TAKUKURU wapo. Kama huna basi una hasira, na hasira inaishaga Jumatatu.

Na tuambiane ukweli, hiyo rushwa ya mechi za watoto mara nyingi anaetoa ni nani? Sio mtoto.

Wapinzani wamechezesha vijeba, wana ndevu kabisa. Refa haoni?

Anaona, ila sio kazi yake kuhukumu umri kwa ndevu. Umri unakaguliwa kabla ya mechi, kwa vyeti vya kuzaliwa na rekodi za shule, na pingamizi linawekwa muda huo kwa msimamizi. Ukisubiri mpaka umefungwa 4 ndio unakumbuka ndevu, hata kama una haki unaonekana unatafuta pa kuegemea. Jambo lingine, unapopaza sauti "kijeba yule" kumbuka unamsema mtoto wa mtu ambae huenda kakua tu haraka. Na kama wa kwako ana vyeti 2 kaa chini.

Refa ni shemeji wa kocha wao. Inaruhusiwa?

Haipendezi, ila mji wetu mdogo, ukitafuta refa asiyejuana na mtu yeyote itabidi umtoe Tunduma. Sema kabla ya filimbi ya kwanza, tunabadilisha kama kuna mwingine. Mkikubali kuendelea mmekubali.

Refa amemtukana mtoto wangu, au amemshika sikio. Bado mnataka nimheshimu?

Hapa hapana, hapa umenipata. Kuheshimu refa sio kumeza hiyo. Muondoe mtoto, mwambie msimamizi palepale, andika, na huyo refa hashiki mechi nyingine mpaka isikilizwe. Kama ni kipigo au kitu kibaya zaidi polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, usisubiri kikao cha kamati. Ila na hapa ukimvamia unampa pa kujificha, kesi inageuka kuwa yako.

## Kesi ngumu

Refa mwenyewe ni mtoto. Kwanini mnatuletea watoto?

Kwasababu ndio njia ya kuwapata wakubwa. Uingereza mtu anaweza kuanza kozi ya urefa akiwa na miaka 14. Hapa kwetu tunawapa vijana wa miaka 15, 16 mechi za watoto wa chini ya miaka 10, na kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwahiyo ukimtukana huyo umemtukana mtoto wa mtu hadharani.

Kuna siku moja kijana wetu, form three, alipuliza faulo ambayo hata mimi nisingeipuliza. Baba mmoja mtu mzima kabisa, ana heshima zake mtaani, akamfuata mpaka kwenye mstari anamuonyeshea kidole. Yule kijana hakujibu. Aliangalia chini akawa anafuta vumbi kwenye saa yake, anafuta, anafuta, mechi imesimama. Akamalizia mechi vizuri tu. Jumamosi iliyofuata hakuja, mama yake akanipigia, "mwalimu samahani, anasema ana twisheni". Twisheni yenyewe haijaisha mpaka leo.

Sasa hivi refa yeyote wa chini ya miaka 18 tunampa mlezi, mtu mzima anasimama pembeni mechi nzima, na mwenye neno anaongea na mlezi. Vijana 3 wamebaki. Walikua 8.

Refa ni dada, na kuna maneno ya "rudi jikoni". Tunayachukuliaje?

Kama matusi mengine, utaratibu ni ule ule wa kusimamisha mpira. Jonesia Rukyaa kachezesha Simba na Yanga, Stéphanie Frappart kachezesha Kombe la Dunia la wanaume 2022, sasa chini ya miaka 13 hapa Iyunga itamshinda mtu gani?

Kuna mzazi kaonekana golini alfajiri anamwaga vitu. Refa afanyeje?

Refa akague goli, nyavu kama zipo, vitu vya kuumiza watoto viondolewe, aanzishe mpira. Kamati za ufundi, yaani mambo ya ushirikina, sio idara yake. Ila wazazi wa upande wa pili msiingie kufukua, mara ya mwisho watu walichimba eneo la hatari mpaka kipa akawa anasimama kwenye shimo.

Mtoto ameniambia nisije tena kwenye mechi zake. Nifanye nini?

Usimuulize kwanini mbele ya wenzake, na usianze na "mimi nakulipia ada". Muulize nyumbani, ukiwa unafanya kitu kingine, mkimenya viazi hivi. Mara nyingi jibu ni fupi, anaona aibu. Wenzake wanaiga sauti yako wakiwa wanaoga. Kaa nje mechi 2, alafu omba ruhusa kurudi. Ndio, omba, kwa mwanao.

Mimi ndio niliyemtukana refa. Nimeshatulia, naona aibu. Naanzia wapi?

Usianzie kwenye grupu, samahani ya kwenye grupu inaletaga mjadala na mtu wa tatu anaanza kukutetea. Mfuate mwenyewe, ana kwa ana, bila "ila na wewe". Mwambie na mwanao kwamba umeenda, usimpe hotuba.

Najua kwasababu niliwahi. Kabla sijashika kipenga kabisa, mwanangu wa kwanza ana miaka 9, nilimwambia kijana mmoja maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kisa mpira wa kurusha. Jumatatu nikamtafuta, nikamkuta Kabwe kwenye kibanda cha vocha. Akaniona akasimama, nadhani alifikiri nimekuja kumalizia. Akanisalimia, "shkamoo mzee", ikanichoma zaidi. Nikasema nilichoendea, hata dakika haikufika. Akasema poa mzee yameisha, alafu akaongeza, "Jumamosi ukija uje na maji, marefa hatuletewagi maji." Nikaenda na chupa 2, moja ya mwanangu na moja ya kwake, na kipindi cha pili akaninyima kona ya wazi kabisa.